Koplo aliyekula ugali uliopikwa kwa ushahidi wake

Ulikuwepo. Usigeuze uso ukasema msiba ule ulikuwa wa watu wengine. Kama hukuwa Unyasiro mwezi ule wa Februari, ulikuwa kwenye msiba mwingine wa namna hiyohiyo: mjane kafa ghafla, shemeji ndiye anayepanga kila kitu, binti wa marehemu anafungua mdomo mnamwambia "nyamaza mwanangu, Mungu ndiye anayejua", kisha mnanawa mikono mnakula. Uliona, ukainamia sahani yako.

Koplo Severina Mughwai naye aliinamia sahani yake. Ila yeye ni mpelelezi wa polisi, na sahani ile inamtokea puani mpaka leo.

Ni Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko. Severina amechuchumaa nyuma ya nyumba ya watu kijijini Unyasiro, mwendo wa bodaboda kutoka Ilongero, anapindua kuni. Hakuvaa sare. Amefunga khanga juu ya suruali, raba zake zimekuwa rangi ya vumbi, na upepo wa kiangazi unamrushia majivu usoni. Anaokota gogo, anatazama upande uliokatwa, analiweka chini. Anaokota jingine.

"Shikamoo bibi," anasema bila kuinuka, mwenye nyumba anapotokeza kwa nyuma yake.

"Marahaba. Leo umekuja kula tena?"

Severina anacheka, kicheko cha mtu aliyeshazoea kuchapwa na maneno. "Leo nimeshiba, bibi. Natafuta ukuni."

"Afande mzima unatafuta ukuni. Serikali imewaishia gesi?"

"Imetuishia vingi, bibi."

"Haya pindua. Ukimaliza uzipange kama ulivyozikuta, mimi mgongo wangu haukopeshwi."

Anazipanga. Alichokuwa akitafuta hakimo. Anainuka huku ameshika kiuno, maana magoti yake yana miaka arobaini na tisa na mengi yamepita juu yake, anaaga kwa adabu na kushika njia ya nyumba inayofuata. Ndivyo anavyozimaliza siku zake za mapumziko tangu Juni. Kuna nyumba anakaribishwa maji ya kunywa. Kuna nyumba anafunguliwa mbwa.

Anachotafuta ni mguu wa nguzo moja, kile kipande kinene cha chini. Nguzo hiyo ilisimama ndani ya nyumba ya mjane wa kijiji hiki, Agripina. Siku ilipoanguka, paa lilimfunika mwenye nyumba akafa. Severina ndiye aliyeandika kwamba ilikuwa ajali. Leo anasema nguzo ile ilikatwa kwa shoka. Lakini kipande kisipopatikana, neno litakalobaki ndani ya jalada ni lile lake la kwanza. Ajali.

Agripina alikuwa akiishi kwenye tembe, na wazee wa Singida hawahitaji kuelezwa tembe ni nini. Waliokulia chini ya bati wasikilize. Ni nyumba ya paa bapa la udongo. Udongo umelala juu ya fito, fito juu ya boriti, na boriti zimekalia nguzo zenye panda. Upande mmoja watu, upande mwingine ng'ombe. Kila mwaka kabla ya mvua unapanda juu, unaongeza udongo na kuushindilia maji yasipenye. Nguzo zikiwa nzima utazeeka chini yake. Nguzo kubwa moja ikiondoka, huna hata muda wa kuita jina la mtu.

Na nguzo za Agripina zilikuwa na historia. Mwaka sabini na nne, watu walipohamishwa kwenda kwenye vijiji vipya na matembe yao yakabomolewa, baba mkwe wake alikataa kuziacha. Yeye na ndugu zake walizibeba mabegani, nguzo baada ya nguzo, mpaka hapa. Waliowahamisha waliandika kwamba watu wamehama kwa hiari. Waliozibeba wengine bado wako hai, na hiyo hiari wanaijua ilivyowachuna mabega. Toka zamani ndiyo hivyo: mwenye kalamu huandika neno moja jepesi, akaenda zake kula.

Mume wa Agripina alipofariki, ng'ombe walikwenda kwa mdogo wake, Melkiori, eti akawachunge. Hawakurudi. Upande wa ng'ombe ndani ya tembe, iliposimama nguzo kubwa, ukabaki mtupu, Melkiori akauomba ahifadhi magunia yake ya alizeti akisubiri bei. Akapewa. Kisha akaliomba shamba. Hapo Agripina akasema hapana, shamba ni la Yustina, binti yake wa pekee, fundi cherehani mjini Singida.

Novemba ikafika. Melkiori akaja na vijana kumwongezea shemeji yake udongo juu ya paa. Waliumwaga mwingi na kuushindilia vizuri, na kijiji kikamsifu. Shemeji kama huyu utampata wapi?

Februari, siku moja jioni, wingu zito likafunga upande wa mashariki. Melkiori akaja mbio na mkokoteni wa ng'ombe, akatoa magunia yake yote. Mvua ikapiga usiku kucha. Kulipopambazuka tembe lilikuwa limekaa chini, na Agripina yumo ndani.

"Nililisema hili msibani, mbele ya watu wote," anasema Yustina. Ana sauti ndogo, na anapozungumza anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa. "Nilimuuliza: Baba mdogo, kwa nini magunia yametoka jana hiyohiyo? Akanijibu, 'Binti, bei imepanda. Na bei kupanda ni kosa langu?' Watu wakacheka. Mama yangu amelala kwenye mkeka pale, watu wanacheka."

Hapo ndipo upelelezi ulipotakiwa kuingia.

Kituo cha Severina ni kidogo, kiko kando ya barabara ya vumbi. Kina pikipiki moja ambayo mara nyingi inalala kwa kukosa mafuta. Kila aishiye huku anaijua desturi: ukimtaka polisi, mlete. Umeibiwa, mlete. Umefiwa, mlete. Na siku ile aliyetuma bodaboda, akalipa kwenda na kurudi, ni Melkiori.

Soma tena mstari huo. Mpelelezi alibebwa kwenda kwenye kifo na mtu aliyepaswa kuulizwa swali la kwanza. Na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hata wewe umewahi kuilipia bodaboda hiyo, ukaona ni mambo ya kawaida.

Severina alifika mchana, kichwa kinamgonga. Anakunywa, na hafichi. Jana yake alikuwa amekunywa sana. Mwili ulikuwa umeshatolewa na kufunikwa. Majirani walikuwa wamefukua kifusi tangu alfajiri kwa mikono na majembe, udongo upande huu, miti upande ule. Walifanya kwa huruma tupu. Halafu ikaja habari ya kuwalisha waombolezaji. Kwenye misiba ya huku kila mama huja na mzigo wake wa kuni, lakini mvua ya usiku ule ilikuwa imelowesha kuni za kijiji kizima. Miti iliyokaa ndani ya tembe ndiyo peke yake iliyokuwa mikavu. Wanaume wakaipasua, wanawake wakaisukuma chini ya masufuria.

"Hakuna aliyekusudia kuharibu ushahidi," anasema Severina. "Watu walikuwa na njaa, kuni zimelowa. Mwenye kazi ya kusema 'jamani simameni' nilikuwa mimi. Sikusema."

Alipokewa kama mkwe. Melkiori alimtafutia kiti, akamweka karibu na moto kwa sababu kulikuwa na baridi. Akamletea ugali na kuku wa kienyeji, paja na firigisi.

"Kula kwanza, afande," alimwambia. "Kazi haina miguu, haikimbii."

"Nikala," anasema Severina. "Baada ya ugali likaja kopo la pombe, nikanywa. Kichwa kikatulia. Nikaota moto. Na kwa mdomo wangu huu nikamwambia yule mama aliyekuwa anasonga, 'Kuni zenu hizi nzuri, zinatoa makaa kama ya kununua.' Nililisema hilo."

Ndipo Melkiori akamletea ufito mmoja, akaubonyeza kwa dole gumba ukamomonyoka. "Mchwa, afande. Wameila nyumba yote. Tulimwambia shemeji ahame, hakusikia." Severina akautazama ufito, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakuuliza nguzo iko wapi. Nguzo ilikuwa mbele yake, chini ya sufuria, inaivisha chakula cha watu watakaofuata.

Aliporudi kituoni kwa bodaboda ileile aliandika: nimekagua eneo la tukio, nguzo zimeliwa na mchwa, ajali. Hakuwa amekanyaga mahali tembe lilipokuwa.

Siku watu walipoondoa matanga, Melkiori alichukua sururu akang'oa visiki vya nguzo vilivyobaki ardhini. Alisema nyumba iliyoua mtu haiachiwi mzizi. Waulize wazee wa Unyasiro, wa msikitini na wa kanisani, mila hiyo wameisikia wapi. Watakwambia wameisikia kwa Melkiori.

Kumbukumbu ya watu wa huku ni ndefu kuliko majalada. Wanamkumbuka mjane aliyesemekana kapigwa na radi, mwezi ambao hata wingu halikuwa limeonekana. Wanamkumbuka aliyesemekana kaliwa na fisi, na kabla fisi hajamaliza kutafuna shamba lake lilikuwa limeshalimwa na shemeji zake. Kila mara jina la muuaji ni mnyama, au mvua, au Mungu. Mwaka huu ikawa zamu ya mchwa.

Na ingeishia hapo, kama si sufuria la maharage.

Ilikuwa Jumapili baada ya Pasaka. Severina amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji karibu na kituo, ua mmoja na mama muuza vitumbua anayeitwa Marietha. Siku hiyo mkaa ulikuwa umemwishia, akanunua mzigo wa kuni njiani. Akawasha. Moshi ukajaa ua mzima.

"Afande!" Marietha akapiga kelele kutoka kibarazani. "Unapika au unafukuza mbu?"

"Kuni hizi zimenishinda."

"Zimeliwa na mchwa hizo, umeuziwa unga. Puliza mpaka Krismasi, kaa hata moja hulipati. Hizo zinazaa moshi na majivu basi."

Severina anasema aliendelea kupuliza kidogo. Kisha akaacha. Akabaki amepiga magoti mbele ya mafiga, moshi unamtoa machozi, anayatazama yale majivu meupe mepesi.

"Niliukumbuka moto wa Unyasiro," anasema. "Makaa mekundu, mazito. Nilikuwa nimesogeza kiti nyuma kwa joto lake. Nikajiuliza: Severina, nguzo iliyoliwa na mchwa ilikupaje makaa yale?"

Hakuyala maharage yale. Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wake, akapiga saluti, akasema anataka kubadilisha maelezo yake.

"Maelezo gani?" mkuu aliuliza.

"Ya Unyasiro, afande. Ile si ajali."

"Nani anasema?"

"Nasema mimi."

"Na aliyesema ni ajali ni nani?"

"Ni mimi, afande. Sikukagua. Nilikula, nikanywa, nikarudi."

Mkuu, kwa jinsi Severina anavyosimulia, alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Mughwai, unajua unajifunga kamba mwenyewe? Acha mambo yaliyolala yalale. Ukiandika hivyo, mimi siwezi kukushika mkono."

Akaandika. Ameandika kila kitu, hadi paja la kuku. Sasa anakabiliwa na mashtaka ya nidhamu, ameondolewa kwenye upelelezi na kuwekwa kaunta, ambako anapokea habari za simu zilizoibwa na mbuzi waliokula mboga za jirani. Wenzake wamempa jina la Mama Makaa. Wanamwita akiwa anasikia.

"Waniite," anasema. "Mimi nilishaitwa mengi. Cheo watanivua, naona kabisa kinavyoondoka. Kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni kwamba nimesema ukweli nikiwa nimeshauchoma."

Maana jalada lilipofunguliwa upya, jibu la mwanasheria wa serikali lilikuwa fupi. Alisema harufu ya moshi na kumbukumbu ya makaa haviwezi kumfikisha mtu kizimbani kwa mauaji, na mpelelezi aliyekiri kulewa kwenye eneo la tukio ni shahidi wa kuchekesha. Leteni kitu cha kushikika, alisema. Kisipoletwa kufikia mwisho wa Novemba, jalada linafungwa. Likifungwa, Melkiori analima shamba mvua ya kwanza ikinyesha, na Yustina atakuwa hana pa kwenda kumsemea mama yake.

Kitu hicho cha kushikika kipo. Yupo mtu aliyekiona.

Raheli ndiye anayeitwa kila penye msiba Unyasiro kusimamia mapishi. Ni mama mnene, mcheshi, mikono yake ina makovu ya mvuke. Hakutafutwa na polisi hata mara moja mpaka Severina alipokwenda mwenyewe, mwezi Juni, kwa miguu.

"Alipofika nikamwambia, afande, nilidhani umekuja kudai shingo ya yule kuku," anasema Raheli, akicheka mpaka anakohoa. Kisha kicheko kinakatika. "Akaniuliza kuhusu moto. Nikamwambia, dada yangu, ule moto ulinitesa. Nilimwambia Mama Shukuru ongeza maji, ugali utatuungulia. Mpaka asubuhi ya pili nilikuwa bado nachochea makaa yaleyale. Mti ule ulikuwa chuma. Mchwa angevunjika meno."

Na kipande cha chini?

"Hicho hakikuingia motoni. Kilikuwa kinene, shoka linadunda. Vijana wakakichoka wakakisukumia pembeni. Mimi nilikikalia. Nilikikalia kabisa, nikimenya vitunguu. Mwisho wake mmoja ulikuwa umekatwa upande, laini, kama vile unavyochonga mpini. Upande wa pili umechanika nyuzinyuzi. Nilidhani ni wale vijana wamekata wakaacha. Lakini pale palipokatwa palikuwa pameshakuwa peusi, jamani. Pa zamani. Vijana wamekata asubuhi ile, peusi patoke wapi?"

Kwa nini hakusema siku ile?

Raheli anavuta upande wa khanga yake, anafuta mdomo. "Nilikuwa napika," anasema. "Ukishapewa mwiko, hakuna anayekuuliza umeona nini. Na wewe mwenyewe unaona ndiyo heri."

Siku ya kuondoa matanga, kipande kile hakikuwepo tena. Watu waliondoka na mabaki ya miti, kama ilivyo kawaida, maana miti ni adimu na hakuna aachaye ukuni mkavu. Mmoja alichukua boriti za banda la kuku. Mwingine alipata fito za uzio. Mguu wa nguzo ulibebwa na mtu. Raheli hakumwona, lakini anasema Mama Shukuru, aliyekuwa anasonga naye, alikuwa amesimama palepale.

Na hapa Severina aliharibu tena.

Alimfuata Mama Shukuru mwezi Agosti. Mume wa mama huyu ni wa ukoo mmoja na Melkiori, na alijibu kwa woga: sijui, sikumbuki, nilikuwa kisimani. Severina alikuwa amekunywa mchana ule. Akampandia sauti. Akamwambia atamfunga pingu mbele ya watoto wake, atalala mahabusu na ukuni wake. Pingu hakuwa nazo. Wala mamlaka hayo hakuwa nayo tena. Mama Shukuru aliingia ndani akafunga mlango, na tangu siku hiyo akimwona Severina kwa mbali anapitia mashambani.

"Alikuwa karibu kuniambia," anasema Severina. "Niliona kabisa, midomo ilikuwa inacheza. Nikampigia kelele kama mwizi. Raheli ameniambia, 'Dada, umemfukuza kuku aliyekuwa anatotoa.' Ni kweli."

Ameacha pombe?

"Sijaacha. Napunguza, halafu sipunguzi. Nikikudanganya nimeacha, utaandika, watu watasoma, nitapita sokoni Ilongero watacheka. Siku ninazokuja huku sinywi. Hilo naliweza. Mengine Mungu anayaona."

Melkiori alikutwa nyumbani kwake akikarabati mkokoteni. Hakukataa kuzungumza, wala hakukaribisha mtu kukaa.

"Mimi nilimtengenezea shemeji yangu paa. Kijiji kizima ni shahidi," anasema. "Mchwa ndio waliomuua, na mvua. Shoka kila nyumba inalo. Magunia ni yangu, niliyatoa, nyinyi wingu likifunga mnaacha mali yenu ilowe? Na huyo afande wenu alikula kwangu, akanywa kwangu, nikamrudisha kwa nauli yangu. Leo ananigeuka. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumwamini?"

Sheria inasema mtu hana hatia mpaka mahakama iseme, na Melkiori hajafikishwa mahakamani. Basi na afikishwe, aseme hayo ya mchwa mbele ya hakimu, kile kipande kikiwa mezani. Kama ni kweli mchwa waliila nguzo, kipande kitamtetea kuliko wakili yeyote. Mbona yeye hakitafuti?

Jua limepanda. Severina amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa Raheli, amevua raba, anakung'uta vumbi. Raheli amemletea uji wa mtama kwenye bakuli la plastiki. Yustina naye amekuja kutoka mjini, amemsalimia Severina shikamoo, ameketi mbali naye kidogo. Hawa wawili si marafiki.

"Siwezi kumsamehe sasa hivi," Yustina anasema, na Severina anasikia. "Kama angenisikiliza siku ile, nguzo ingekuwepo. Lakini nikitazama kulia, nikitazama kushoto, mtu mwingine anayemtafutia mama yangu haki simwoni. Nifanye nini? Natembea naye."

"Usinisamehe," anasema Severina, akifunga kamba za raba. "Wewe shika upande ule wa bonde, mimi nishike huu."

Mpango wake ni mfupi. Anataka kumaliza nyumba za upande wa pili wa bonde kabla ya mvua za kwanza. Anajua hesabu ya kuni ilivyo: kiangazi watu huchoma vijiti na mabua, na magogo makavu mazito huwekwa kwa ajili ya masika, kila kitu kikiwa kimelowa. Na mguu ule wa nguzo ulishinda mashoka ya vijana, kwa hiyo anaamini bado upo. Uko nyuma ya nyumba ya mtu, au umewekwa uani watu wanaukalia, au unazuia mlango wa banda. Mvua ikianza, shoka litatafutwa. Ukipatikana, Severina anataka kusimama mahakamani aulizwe yote, pombe na kuku na bodaboda, wamcheke hata siku nzima, mradi neno ajali lifutwe juu ya jina la Agripina.

Anainuka. Anamshukuru Raheli kwa uji. Anamwita Yustina, wanateremka bondeni, kila mmoja na njia yake.

Sasa ni wewe. Wewe wa Unyasiro, wewe wa vijiji vya jirani uliyekuja kuzika ukarudi na ukuni begani, wewe Mama Shukuru ambaye hakuna atakayekupigia kelele tena. Weka gazeti hili chini, nenda nyuma ya nyumba kabla chungu cha jioni hakijainjikwa. Pindua kuni zako mpaka ya mwisho. Ukikuta gogo nene la mti mgumu, mwisho wake mmoja umekatwa laini upande huu na kuchanika upande ule, usilipasue, usilioshe, usimpe mtu akubebee. Ita jirani wawili walione. Mwite Raheli, mwite Yustina, nendeni nalo kituoni pamoja, mchana, watu wakiwaona. Nauli ya bodaboda safari hii lipeni nyinyi. Na mkifika, sema kwa jina lako kamili ulilitoa wapi.